Kupunguza Vitu Nyumbani kwa Kuvitoa kwa Wahitaji: Mwongozo Kamili kwa Kaya za Dodoma

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma kwa vitendo, familia nyingi zimeteremsha hapa shehena ya nyumba nzima kutoka Dar es Salaam na kuingia katika nyumba za Ilazo, Kisasa, Nkuhungu au Nzuguni, na katika baadhi ya nyumba hizo yapo maboksi ambayo hayajafunguliwa tangu siku ya safari. Wenyeji nao wana stoo zao: kitanda cha mtoto ambaye sasa yuko sekondari, sare za shule aliyokwisha kuihama, televisheni ya chogo iliyofunikwa kitambaa, na vyombo vya shughuli vilivyonunuliwa kwa ajili ya harusi moja. Vitu hivi vinamaliza nafasi na kukusanya vumbi la kiangazi, ilhali sehemu yake ingemfaa mtu mwingine leo hii.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitoa kwa watu na taasisi zinazovihitaji, na unashikilia msimamo mmoja: kazi huanzia kwa mpokeaji. Mtu anayefungua kabati kwanza, akajaza viroba, kisha ndipo akaanza kuulizia pa kuvipeleka, mara nyingi huishia kuhamishia takataka zake katika stoo ya watu wengine, tena watu wasio na gari la kuzipeleka dampo.

Hatua ya kwanza: mtafute mpokeaji kabla hujagusa kabati

Mahitaji hutofautiana sana kati ya kituo na kituo, na mifano ya hapa kwetu inatosha kulionyesha hilo. Katika makazi ya wazee ya Sukamahela, wilayani Manyoni, mzee anahitaji blanketi, sweta lenye vifungo ambalo mkono uliokakamaa unaweza kuliingia bila kuvutwa, shuka, na viatu visivyoteleza. Suti ya harusi haimsaidii. Katika Shule ya Msingi Buigiri ya wasioona, wilayani Chamwino, boksi la vitabu vya maandishi ya kawaida halimsaidii mtoto asiyeona, lakini redio ndogo inayofanya kazi humsaidia. Popote wanaposoma watoto wenye ualbino, kofia yenye ukingo mpana na shati la mikono mirefu ni vitu vya afya kabla ya kuwa mavazi, maana jua la Dodoma halina huruma. Katika Hospitali ya Mirembe, inayohudumia wagonjwa wa afya ya akili, ni lazima uulize kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kama mikanda, kamba za viatu na nguo zenye uzi wa kukazia vinaruhusiwa wodini. Wodi za wazazi nazo hupokea akina mama wanaofika kujifungua wakiwa na kanga waliyoivaa tu, na kwao kanga safi mbili na nguo chache za kichanga ni msaada mkubwa kuliko sofa.

Ukiisha kumteua mpokeaji, piga simu au fika mwenyewe, na uliza mambo manne: wanapungukiwa na nini kwa sasa, wana nini kwa wingi kupita kiasi, watu wanaowahudumia ni wa umri na jinsia gani, na ni siku ipi yupo mtu mwenye mamlaka ya kupokea. Swali la pili ndilo wafadhili wengi hulisahau. Nguo za watoto wadogo hufika vituoni kwa wingi kwa sababu kila nyumba inazo, ilhali kijana wa kiume wa miaka kumi na sita, anayevaa kiatu namba 43, anaweza kupitiwa na misafara kadhaa ya misaada bila kuambulia hata jozi moja.

Uhalali wa kituo haupimwi kwa ukubwa wa bango lake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni, na Afisa Ustawi wa Jamii wa kata au wa halmashauri ndiye mtu wa kumwuliza kama kituo unachokifikiria kinatambulika. Asasi isiyo ya kiserikali inapaswa kuwa na cheti cha usajili, na kuomba kukiona cheti hicho si utovu wa adabu. Ukiwa na nia ya kumsaidia mtu binafsi au familia moja, mwenyekiti wa mtaa, balozi, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo kanisani au kamati ya zaka msikitini wanajua ni nyumba ipi iliyoungua mwezi uliopita na ni bibi yupi anayelea wajukuu peke yake. Binafsi naona njia hii ya mtaani inadharauliwa bila sababu. Haina picha wala hafla, lakini kitu hufika kwa mtu anayekihitaji jioni ileile.

Hatua ya pili: kubalianeni nyumbani, kisha mpange msimu

Usitoe kitu cha mtu mwingine kwa sababu tu wewe ndiye unayekiona kila siku. Mwenzi wako, watoto na ndugu wanaoishi nanyi wapewe nafasi ya kusema, na mtoto aliyefikia umri wa kuelewa achague mwenyewe midoli na nguo anazoziachia, kwani mtoto aliyenyang'anywa hujifunza kuficha, na aliyeombwa hujifunza kutoa. Vitu vya marehemu vina utaratibu wake: visiguswe mpaka wanandugu wamekaa, wala visichanganywe na shehena hii hata kama vimekaa miaka.

Kuna jambo moja linalohusu dada wa kazi, na linafaa kusemwa waziwazi. Ni vizuri kumpa nafasi ya kuchagua kabla vitu havijatoka nje, lakini anachochagua ni zawadi. Hakikatwi kwenye mshahara wake, wala hakihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara huo.

Kuhusu msimu, kalenda ya Dodoma inakupangia yenyewe. Mvua hunyesha kati ya Novemba au Desemba na Aprili, na katika miezi hiyo ni vigumu kukausha mablanketi na magodoro, na pia barabara nyingi za vumbi zinazoelekea vijijini hugeuka matope. Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi, ambapo usiku joto hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14, kwa hiyo masweta, makoti na mablanketi yanapaswa kufika mwezi wa Mei. Sare, mabegi na viatu vya shule vitoke mwezi wa Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari, kwa sababu sweta la shule linalofika Machi linamkuta mzazi amekwisha kukopa na kununua. Mwezi wa Ramadhani na majira ya Krismasi huleta misaada mingi kwa mpigo. Kituo kinachofurika vitu Desemba kinaweza kuwa kikavu Agosti, na hapo ndipo mchango wa kaya moja unapoonekana.

Hatua ya tatu: chambua, chumba kimoja kwa wakati mmoja

Tenga sehemu nne sakafuni: vinavyobaki, vinavyotolewa, vinavyohitaji fundi, na vinavyotupwa. Usiongeze sehemu ya tano ya vitu ambavyo hujaamua, kwani ndiyo itakayomeza nusu ya nyumba. Malizia chumba kimoja kabla ya kuingia kingine, na anzia mahali pasipo na kumbukumbu nyingi, kama jikoni au stoo, ili chumba cha kulala na albamu za picha vikukute ukiwa umekwisha kuzoea kuamua.

Jikoni maamuzi ni mepesi. Sufuria ambazo hazijapikiwa tangu uhame, vikombe visivyo na mwenzake, chupa ya chai ya tatu, ndoo zenye mifuniko: vyote vinatakiwa sana vituoni, hasa ndoo na madumu, kwa kuwa maji ya mgao ni lazima yahifadhiwe. Vyombo vya plastiki vilivyopasuka au vilivyobadilika rangi kwa mafuta viende upande wa taka moja kwa moja.

Kabati la nguo linahitaji muda zaidi. Kigezo kinachofaa hapa ni majira: nguo ambayo haikuvaliwa katika kiangazi kizima, baridi yote na masika yote, haitavaliwa tena, isipokuwa ni ya shughuli maalumu. Toa nguo zote kitandani, usichungulie kabati likiwa limejaa. Pitisha mkono katika kila mfuko wa suruali, koti na pochi, kwa sababu humo hukaa risiti za benki, funguo, dawa, na mara nyingine noti ambayo mwenye nguo amekwisha kuisahau.

Kisha ichukue kila nguo mwangani. Chukulia shati jeupe la ofisini: geuza kola uone kama imelika kwenye mkunjo, tazama kwapa kama pana rangi ya njano iliyoganda, hesabu vifungo kuanzia juu hadi kwenye pingili za mikono, vuta kidogo mshono wa begani, halafu liinue shati dhidi ya dirisha, maana tundu la nondo halionekani nguo ikiwa imelala kitandani. Shati lenye kola iliyolika ni kitambaa cha kufutia vumbi, hata kama lilinunuliwa kwa bei ghali. Lililokosa kifungo kimoja linakwenda upande wa fundi. Lililosalimika linatolewa. Kwa suruali, kagua zipu na sehemu ya katikati ya miguu. Kwa sketi na kaptula za watoto, vuta mpira wa kiunoni uone kama unarudi. Kwa viatu, kunja soli kwa mikono miwili, kwa kuwa soli iliyokaa miaka ndani ya boksi katika ukame huu hupasuka siku ya kwanza ya kuvaliwa.

Vitabu vina kipimo tofauti. Utekelezaji wa mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024, kwa hiyo vitabu vya kiada vya zamani ulivyovitunza kwa ajili ya wadogo zako huenda havimfai tena mwanafunzi anayefuata masomo ya sasa. Mwulize mwalimu kabla hujavibeba. Kamusi, hadithi, vitabu vya watoto na atlasi hukaa muda mrefu zaidi, na shule nyingi za pembezoni zitavipokea kwa furaha.

Hatua ya nne: vitu ambavyo havitolewi

Nguo za ndani zilizovaliwa zisitolewe kabisa. Hata katika biashara ya mitumba, uuzaji wake umekatazwa hapa nchini. Mpokeaji akisema anazihitaji, nunua mpya, hata kama zitakuwa chache. Dawa zilizobaki nyumbani, ziwe zimeisha muda au la, hazipelekwi kituoni kwa mkono, kwa kuwa hakuna anayejua zilihifadhiwaje; mwulize mfamasia namna ya kuziteketeza. Chakula kilichopita tarehe, vipodozi vilivyofunguliwa, chupa za kunyonyeshea zilizotumika na vyandarua vilivyochanika vyote vinaangukia kundi hili.

Godoro ni suala la kuangaliwa kwa makini. Lisimamishe juani, kagua mishono na pembe zake kwa tochi, na ukiona madoa madogo meusi au maganda ya kunguni, godoro hilo lisiondoke kwenda kwenye bweni lolote. Kunguni mmoja aliyebeba mayai anatosha kuwanyima usingizi watoto arobaini, na kituo ndicho kitakacholipia dawa.

Hatua ya tano: vifaa vya umeme, simu na nyaraka

Kila kifaa cha umeme kiwashwe na kiachwe kifanye kazi mbele yako. Jokofu liwashwe siku nzima, na lisafirishwe likiwa limesimama. Likifika, lipumzike kwa saa kadhaa kabla ya kuchomekwa. Fikiria pia gharama: jokofu kuukuu lililolegea mpira wa mlango hula yuniti za LUKU usiku na mchana, na kituo kinachoishi kwa michango kinaweza kulikataa kwa sababu hiyo. Kikilikataa, kimefanya hesabu sahihi, nawe usinune. Televisheni ya chogo bado inaonyesha picha, lakini tangu nchi ilipoanza kuhamia matangazo ya dijitali mwishoni mwa 2012 haisaidii bila king'amuzi, kwa hiyo vitoke pamoja na rimoti yake.

Kwa simu na kompyuta, toa laini na kadi ya kumbukumbu, toka katika akaunti zako zote, hasa ile ya Google, kisha futa kila kitu na uirudishe simu katika hali ya kiwandani. Ukisahau kutoka kwenye akaunti, simu itamdai mpokeaji nywila yako na haitatumika. Piga *#06# uipate namba ya IMEI na uiandike kwenye hati ya makabidhiano, kwani mtu asiye na uthibitisho wa alipoipata simu anaweza kujikuta akijieleza polisi. Nakala za vitambulisho vya NIDA, taarifa za benki na mikataba ya zamani zichanwe au zichomwe. Zisigeuzwe karatasi za kufungia vyombo.

Hatua ya sita: fua, tengeneza, fungasha

Kitu kinatoka nyumbani kikiwa tayari kutumika siku hiyo hiyo. Kama maji kwenu ni ya mgao, panga kufua siku maji yanapotoka, na anika asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza kurusha vumbi jekundu juu ya mashuka yenye unyevu. Mablanketi yageuzwe pande zote mbili juani. Vya upande wa fundi vipelekwe kwa pamoja: fundi cherehani atashona zipu na vifungo kwa gharama ndogo zaidi vikifika kwa mkupuo, na ikiwa baada ya wiki mbili kitu bado hakijafika kwa fundi, kihamishie kwenye taka bila kujidanganya.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kwa kazi hii haikuwa mizuri hata wakati huo. Tumia maboksi magumu na viroba safi vya sulufeti. Nguo zikunjwe na kutengwa kwa umri na jinsia, viatu vifungwe jozi kwa jozi kwa kamba zake, na kila boksi liandikwe kwa kalamu nene nje: "Wavulana, miaka 10 hadi 12, masweta na kaptula." Anayepokea asilazimike kumwaga boksi zima sakafuni ili ajue kilichomo. Vyombo vya kuvunjika vizungushiwe nguo kuukuu, na sufuria ziingizwe moja ndani ya nyingine.

Andika orodha ya vyote katika nakala mbili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo unawahusu pia wanaotoa bure: orodha humlinda msimamizi mwaminifu dhidi ya maneno, na humpunguzia asiye mwaminifu nafasi ya kupeleka nusu ya mzigo sokoni.

Hatua ya saba: usafiri na makabidhiano

Maboksi machache yanaingia kwenye bajaji. Kitanda, kabati na magodoro vinahitaji guta kwa safari za ndani ya jiji, au kirikuu kwa safari ya Chamwino au Bahi. Patana bei ya kwenda, kupakia na kushusha kabla ya kuanza, na upime mlango wa unakokwenda kabla hujapakia kabati la milango mitatu. Gharama ya usafiri ni ya mtoaji. Kukiambia kituo kije kuchukua vitu vyake kwa gari la kukodi ni kukitoza fedha kwa zawadi uliyokiahidi.

Fika siku na saa mliyoahidiana, na nenda kwa msimamizi. Hesabuni pamoja kwa kufuata orodha, wekeni saini na tarehe katika nakala zote mbili, na kila upande ubaki na yake. Vitu visigawiwe na wewe mwenyewe kwa watoto waliokusanyika, hata wakikuzunguka kwa shangwe, kwa sababu hujui nani alipata viatu juzi na nani hajapata kitu tangu afike.

Kuhusu picha, msimamo wangu ni mkali. Piga picha ya maboksi na ya hati ukipenda. Uso wa mtoto, wa mgonjwa au wa mzee asiyejiweza usiingie kwenye simu yako, sembuse kwenye kundi la WhatsApp. Fikiria mtoto wa Kijiji cha Matumaini, mahali panapofahamika jijini kwa kulea yatima wanaoishi na virusi vya UKIMWI: picha yake moja yenye jina la mahali imekwisha kutangaza hali yake ya afya kwa watu asiowajua, naye hakuulizwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za namna hiyo, lakini mtu hapaswi kungoja sheria ili aone aibu.

Ukikuta kituo kinataka ulipie ada ya kupokelewa msaada, au kinakataa kusaini orodha, rudisha mzigo kwenye gari na umjulishe Afisa Ustawi wa Jamii.

Hatua ya nane: mabaki

Baada ya yote haya kutabaki vitu vibovu, na vina njia zake. Vyuma, pasi zilizoungua na mabati huchukuliwa na wanunuzi wa chuma chakavu wanaopita mitaani. Redio na feni zilizokufa zinaweza kumfaa fundi anayetafuta vipuri, na kumpa bure ni msaada pia. Nguo zisizovalika zikatwe vitambaa vya usafi. Kinachosalia kipelekwe kwenye ukusanyaji wa taka wa mtaa, na kisichomwe uani, hususan plastiki na magodoro ya sponji, kwa kuwa moshi wake ni sumu kwa nyumba yako na ya jirani.

Katika nafasi iliyopatikana, bakiza boksi moja tupu chini ya kabati la nguo. Sare inayombana mtoto iingie humo siku ileile inapoanza kumbana, ikiwa imefuliwa, na boksi likijaa, piga simu kwa msimamizi uliyekabidhiana naye na umwulize yale maswali manne upya, kwa sababu majibu yake yatakuwa yamebadilika.